Lebanoni: Nchi Inayoogopa Kujihesabu

Sensa ya mwisho ya Lebanoni ilifanyika mwaka 1932, nchi ikiwa bado chini ya Ufaransa na Israel haijaonekana kwenye ramani. Tangu hapo hakuna serikali iliyothubutu kurudia kazi ile. Wataalamu wapo, Beirut ina chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1866. Kinachoogopwa ni jibu. Watu wakihesabiwa upya kwa dini na madhehebu yao, vyeo navyo itabidi vigawanywe upya, na kila mwenye cheo anahisi ni upande gani utapungukiwa.

Tanzania iliacha kuuliza dini na kabila baada ya sensa ya 1967, na wanaokumbuka mvutano wa 2012 wanajua jinsi kipengele cha dini kinavyoweza kuleta ugomvi hata kisipokuwamo kwenye dodoso. Lakini Tanzania bado inahesabu watu wake. Lebanoni imeacha kabisa, kwa hiyo kila idadi utakayoisoma kuhusu nchi hiyo ni makadirio: wenyeji, wakimbizi na wageni wote pamoja ni kati ya milioni 5 na 6.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa Lebanoni aanze na woga huo. Utamweleza kwa nini nchi hukaa miaka miwili bila rais na kwa nini kinu cha umeme hugeuka ugomvi wa kanisa na msikiti. Utamsaidia pia kuelewa jinsi watu walivyolala na akiba benki wakaamka hawana kitu.

Milima, na waliojificha humo

Eneo la nchi ni kilomita za mraba 10,452, namba ambayo Walebanoni huitaja kama kaulimbiu. Mkoa wa Kilimanjaro ni mkubwa kuliko hapo, na hata Kaunti ya Kilifi inaizidi. Ukitoka baharini kuelekea mashariki unaanza na ukanda mwembamba wa pwani wenye miji ya Tripoli, Beirut, Sidoni na Tiro. Mara unakutana na Mlima Lebanoni, safu inayopanda ghafla hadi mita 3,088. Ng'ambo yake kuna bonde la Bekaa, shamba la nchi, na baada ya bonde safu nyingine inayopakana na Syria, ambayo kwa kusini inaishia Mlima Hermoni.

Wasomaji wa Biblia wanayafahamu majina haya. Hiramu, mfalme wa Tiro, ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi ya kujengea hekalu. Mwerezi bado uko katikati ya bendera ya taifa, ingawa milimani umebaki katika vishamba vichache vinavyolindwa. Bekaa nalo lina undugu na kwetu: wanajiografia wa zamani walilihesabu kuwa sehemu ya kaskazini ya Bonde Kuu la Ufa, lile linalopita Naivasha na Manyara hadi Msumbiji. Wanajiolojia wa leo wanazitenganisha nyufa hizo kwa majina, ila zinaungana kupitia Bahari ya Shamu.

Theluji ya milimani huipa nchi maji ambayo majirani wengi hawana, na jangwa halimo. Vitabu vya utalii hupenda kusema kwamba Lebanoni unaweza kuteleza kwenye theluji asubuhi na kuogelea baharini mchana. Ni kweli, foleni ya magari ikikuruhusu.

Kazi kubwa zaidi ya milima hiyo ilikuwa kuwaficha watu. Wamaroni, Wakristo wenye liturujia yenye asili ya Kisiria lakini wanaomtii Papa wa Roma, walijichimbia kwenye magenge ya kaskazini. Wadruzi, jamii iliyochipuka kutoka Uislamu wa Kishia katika karne ya 11, walishika vilima vya Chouf. Washia walikaa kusini na upande wa Baalbek, Wasuni wakashika miji ya bandari, na Waorthodoksi wa Kigiriki wakaenea pwani na mabondeni. Waarmenia walikuja baadaye wakikimbia mauaji ya 1915. Leo serikali inatambua madhehebu 18: ya Kikristo 12, ya Kiislamu pamoja na Wadruzi 5, na Wayahudi, ambao wamebaki wachache mno. Karibu wote wanazungumza Kiarabu kilekile, wanapika vyakula vilevile na wanabishana kwa sauti ileile. Mgeni hawezi kuwatofautisha mpaka asikie majina yao na vijiji walikotoka.

Mpango uliokuwa wa muda

Mwaka 1860 Wamaroni na Wadruzi walichinjana mlimani, na mataifa ya Ulaya yakaingilia. Mwaka uliofuata Dola ya Ottoman ikaupa Mlima Lebanoni utawala wake maalumu, wenye gavana Mkristo na baraza ambalo viti vyake viligawanywa kwa madhehebu. Hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Kisha ikaja njaa ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli za washirika zilifunga bahari, utawala wa Ottoman ukachukua nafaka kwa ajili ya jeshi, nzige wakala kilichobaki, na sehemu kubwa ya watu wa mlimani wakafa. Viongozi wa Kimaroni walitoka kwenye msiba ule wakiwa na somo moja: mlima peke yake haulishi watu. Ufaransa ilipoichukua nchi, Jenerali Gouraud alitangaza Lebanoni Kubwa tarehe 1 Septemba 1920, akiuongezea mlima bandari za Tripoli, Sidoni na Tiro pamoja na ngano ya Bekaa. Wamaroni walipata mashamba na bahari. Pamoja navyo walipata Waislamu wengi ambao hawakuulizwa, na ambao wengi wao wangependa kutawaliwa kutoka Damascus.

Sensa ya 1932 iliwapa Wakristo wingi mdogo. Juu ya wingi huo, mwaka 1943, Mmaroni Bechara El Khoury na Msuni Riad Al Solh walikubaliana kwa mdomo, bila kuandika, namna nchi hiyo itakavyoupokea uhuru. Wakristo waache kuitafuta kinga ya Ufaransa, na Waislamu waache kudai kuunganishwa na Syria. Rais angekuwa Mmaroni, Waziri Mkuu Msuni, na Spika wa Bunge, kwa desturi iliyokaa sawa muda si mrefu baadaye, Mshia. Wabunge wangegawanywa sita wa Kikristo kwa watano wa Kiislamu. Katiba yenyewe, katika ibara ya 95, ilisema mgao wa nafasi kwa madhehebu ni mpango wa muda. Muda huo haujaisha.

Mgao hauishii bungeni. Ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto viko mikononi mwa mahakama za dini, kila dhehebu na zake. Ndoa ya kiserikali haifungwi ndani ya nchi, lakini iliyofungwa nje inatambuliwa, ndiyo maana maharusi wa dini tofauti hupanda ndege kwenda Cyprus, safari fupi tu, wakarudi na cheti. Raia huandikishwa kwenye kijiji cha ukoo wa baba yake na hupigia kura huko hata kama amezaliwa na kuzeekea Beirut. Mwanamke akiolewa, jina lake huhamishiwa kwa kina mume. Akiolewa na mgeni, hawezi kuwarithisha watoto wake uraia. Sababu inayotolewa ni ileile: idadi isije ikabadilika.

Kuna jambo ambalo wengi nje ya nchi hulikosea. Mpiga kura Mlebanoni hapigii watu wa dhehebu lake peke yao. Katika jimbo lenye viti vya Wamaroni wawili, Mshia mmoja na Mdruzi mmoja, kila mpiga kura wa jimbo hilo huchagua orodha iliyochanganya wote, na tangu sheria ya 2017 anaruhusiwa kumpa mgombea mmoja wa orodha hiyo kura ya upendeleo. Hivyo mbunge wa dhehebu dogo anaweza kuingia bungeni kwa kura za watu wasio wake, kisha akadaiwa na watu wake kwamba hawawakilishi. Magomvi mengi ya sheria za uchaguzi, yanayoonekana ya kitaalamu mno kwa mgeni, yanahusu hilo.

Vita, na amani iliyowavisha suti

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuanzia Aprili 1975 hadi 1990, na makadirio yanayotajwa sana ni watu 150,000 waliokufa. Kuviita vita vya Wakristo na Waislamu ni kuvirahisisha kupita kiasi. Cheche ilikuwa wapiganaji wa Kipalestina, waliojikita zaidi nchini humo baada ya kufukuzwa Jordan, na swali la kama Lebanoni iwe uwanja wao wa kuipiga Israel. Nyuma ya cheche kulikuwa na Waislamu walioona mgao wa 1943 umepitwa na wakati, na Washia maskini wa kusini walioona mgao huo haujawahi kuwafikia. Syria iliingiza jeshi mwaka 1976, Israel ikavamia 1978 na tena 1982. Kufikia mwisho Washia wa kundi la Amal walikuwa wamepigana na Washia wa kundi la Hezbollah, na mwaka 1990 Wakristo wa Jenerali Michel Aoun walipigana na Wakristo wa Samir Geagea.

Mapatano yalifikiwa Taif, Saudia, mwaka 1989. Bunge likawa nusu kwa nusu, leo viti 64 kwa 64. Madaraka makubwa yakatolewa kwa rais yakapelekwa kwenye baraza la mawaziri. Ikaahidiwa pia kwamba mgao wa kidini utaondolewa hatua kwa hatua, ahadi ambayo haijatimizwa. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria ya msamaha, na makamanda wa wanamgambo wakavua magwanda wakavaa suti. Nabih Berri, aliyekuwa mkuu wa Amal vitani, amekuwa Spika tangu 1992.

Ubaya wa amani hii ni kwamba kila kundi kubwa lina uwezo wa kusimamisha kila kitu. Rais huchaguliwa na wabunge, na kikao chenyewe kinahitaji theluthi mbili wawepo. Kambi isiyompenda mgombea hutoka nje tu. Kuanzia Mei 2014 hadi Oktoba 2016 hakukuwa na rais, na kuanzia mwisho wa Oktoba 2022 hadi Januari 2025 vilevile. Kwenye baraza la mawaziri, theluthi moja na mtu mmoja wakijiuzulu serikali huanguka, hivyo kila kambi hupigania theluthi hiyo kabla hata ya kuulizana sera.

Kundi moja lilibaki na silaha baada ya Taif. Hezbollah lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya uvamizi wa Israel, likafunzwa na kugharimiwa na Iran, likaruhusiwa kubaki na bunduki kwa jina la ukombozi wa kusini. Israel ilipoondoka Mei 2000, sifa ililiendea Hezbollah, na silaha zikabaki palepale. Lilijenga hospitali na shule kule ambako serikali haikuwahi kufika, likaingia bungeni na serikalini, likapigana tena na Israel mwaka 2006, kisha likavuka mpaka kumsaidia Rais Bashar al-Assad huko Syria. Jirani zake wa madhehebu mengine waliliona kama dola ndani ya dola. Washia wengi waliliona kama bima ya watu waliodharauliwa kwa vizazi, na mtu asiyeielewa hisia hiyo hataelewa kwa nini kauli ya "wanyang'anywe silaha" ni rahisi kutamka kuliko kutekeleza.

Oktoba 2023 Hezbollah lilianza kurusha makombora kuiunga mkono Gaza. Mwaka mmoja baadaye lilikuwa limevunjwa mgongo: vifaa vyake vya mawasiliano vililipuka mikononi mwa watu wake Septemba 2024, siku kumi baadaye kiongozi wake Hassan Nasrallah akauawa kwa mabomu Beirut, na vijiji vya mpakani vikageuzwa vifusi. Vita hivyo viliua takriban watu 4,000 nchini Lebanoni. Baada ya kusitishwa kwake Novemba 2024, na Assad kuanguka chini ya wiki mbili baadaye, bunge lilimchagua mkuu wa jeshi, Joseph Aoun, kuwa rais, naye akamteua Nawaf Salam, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kuwa Waziri Mkuu. Agosti 2025 serikali hiyo iliagiza jeshi kuandaa mpango wa kuhakikisha silaha zote zinakuwa chini ya dola. Mwezi huohuo Baraza la Usalama liliamua kwamba kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoko kusini tangu 1978, ambako polisi wa kijeshi kutoka Tanzania wamewahi kutumikia, kifunge kazi mwisho wa 2026.

Dola zilikwenda wapi

Kwa miongo mingi Lebanoni iliuza huduma: benki, hospitali, vyuo, utalii, biashara ya kupitisha mali. Sheria ya siri za benki ya 1956 ilivuta fedha za Waarabu. Viwanda vilikuwa vichache, na karibu kila kitu kiliagizwa nje. Pengo lilizibwa na Walebanoni wa ughaibuni, kuanzia Ghuba na Ufaransa hadi Brazili, Afrika Magharibi na maduka ya Kinshasa na Lubumbashi.

Kuanzia mwishoni mwa 1997 Benki Kuu iliishikilia lira kwenye 1,507.5 kwa dola moja. Kuishikilia kulihitaji dola mpya kila siku. Basi Benki Kuu, chini ya gavana Riad Salameh aliyekaa kitini miaka 30, ilizipa benki za biashara riba kubwa ili ziilete hiyo dola. Nazo benki zikampa mteja riba ambayo asingeipata popote duniani. Mwalimu mstaafu alileta kiinua mgongo chake, na kijana aliyeko Abidjan akatuma akiba yake. Fedha hizo zikakopeshwa serikali, ambayo ilizitumia kulipa mishahara ya watumishi walioajiriwa kwa mgao wa vyama, na kufidia shirika la umeme lililokuwa likila hasara mwaka hadi mwaka. Riba ya wateja wa jana ikalipwa kwa amana za wateja wa leo. Ni upatu uleule uliowaliza wengi Afrika Mashariki, tofauti yake ni kwamba huu uliendeshwa na Benki Kuu. Benki ya Dunia iliulinganisha hivyohivyo katika ripoti ya 2022.

Kwa nini hakuna aliyeusimamisha? Kwa sababu kila kigogo alikuwa na fungu lake. Umeme ni mfano unaotosha. Tangu vita viishe nchi haikuwahi kuwa na umeme wa saa 24. Mwaka 2020 serikali iligombana kama ijenge kituo cha tatu cha kuzalisha umeme huko Selaata, eneo la Wakristo, kwa hoja kwamba maeneo ya wengine tayari yana vyao. Wakati huo wenye jenereta za mtaani walikuwa wakiuza umeme nyumba kwa nyumba. Mwaka 2021 gridi ya taifa ilizimika kabisa kwa muda, na waliokuwa na uwezo wakajaza paneli za jua juu ya mapaa.

Tarehe 17 Oktoba 2019 serikali ilitangaza tozo kwenye simu za WhatsApp. Usiku huo watu waliingia barabarani, Msuni wa Tripoli na Mshia wa Tiro kwa kaulimbiu moja: wote, maana yake wote. Benki zilifunga milango. Zilipofunguliwa, mwenye dola alipewa vipande kidogokidogo, au lira kwa bei ya kumnyonya, huku waliokuwa na mkono juu wakihamisha za kwao nje, maana bunge halikuwahi kupitisha sheria ya kuzuia. Machi 2020 serikali ilishindwa kulipa deni la hatifungani kwa mara ya kwanza katika historia yake. Lira ilishuka mpaka ikaja kutulia kwenye 89,500 kwa dola. Mshahara wa askari uliokuwa mamia ya dola ukashuka chini ya 100. Septemba 2022 mwanamke mmoja aliingia benki Beirut na bastola ya kuchezea watoto akadai fedha zake mwenyewe, za kumtibia dada yake saratani, na nchi nzima ikamshangilia.

Mlipuko wa bandarini wa 4 Agosti 2020 uliua zaidi ya watu 200. Tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti, zilikuwa zimekaa bandarini tangu meli iliyokuwa ikizipeleka Beira, Msumbiji, ikwame Beirut mwaka 2013. Barua za onyo zilizunguka kati ya forodha, mahakama na mawaziri bila mtu kuziondoa. Jaji Tarek Bitar alipowaita mawaziri, mashauri ya kumpinga yakausimamisha uchunguzi. Aliurudia Januari 2025.

Waliokuwa chini kabisa walianguka kwanza. Kabla ya mporomoko nchi ilikuwa na wafanyakazi wa ndani wapatao robo milioni, wengi wao Waethiopia, na Wakenya wakiwamo, chini ya mfumo wa kafala ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Sheria ya kazi ya 1946 haiwahusu. Mwaka 2020 waajiri waliokosa dola waliwatoa nje, na mabinti wa Kiethiopia na wa Kikenya wakalala nje ya ofisi za uwakilishi za nchi zao Beirut wakiomba kurudishwa makwao. Wapalestina, walioko tangu 1948, wamefungiwa kazi nyingi za taaluma na hawaruhusiwi kununua nyumba. Wakimbizi wa Syria, ambao serikali iliwakadiria kuwa milioni 1.5, hawakujengewa kambi rasmi. Wengi wa makundi haya mawili ni Wasuni, na kuwapa makazi ya kudumu kungegusa mgao.

Nani abebe hasara ya zaidi ya dola bilioni 70 zilizoyeyuka bado kunabishaniwa kati ya serikali, benki na wenye amana. Benki Kuu ina tani zipatazo 287 za dhahabu, lakini sheria ya 1986 inakataza kuiuza bila idhini ya bunge, na Walebanoni wengi hawataki iguswe na watu walewale. Ugomvi mwingine wa 2025 ulihusu Walebanoni wa nje: wapigie wabunge wote 128 kama walivyofanya 2018 na 2022, au wapewe viti sita tu vya kwao, mpango uliokuwa umewekwa kwenye sheria ya 2017. Kura zao za 2022 ziliwasaidia wagombea wasio na vigogo nyuma yao. Berri na Hezbollah walitaka viti sita.